Trekta Kuukuu Haiji Nyumbani kwa Kamba



Mvua ya masika ikikaribia, maneno ya trekta huanza. Mmoja amesikia kwamba katika shamba fulani kuna Massey Ferguson ya zamani inauzwa. Mwingine ameona Fordson chini ya banda, imefunikwa magunia, na kuku wanataga juu ya kiti chake. Watu hukutana, huchanga fedha, hutuma wazee watatu kwenda kuitazama. Hayo yote ni mema. Lakini kuna swali moja ambalo katika mikutano mingi halisemwi: je, trekta hiyo itafikaje nyumbani?

Maoni yangu ni haya, nami nayasema mapema ili usipoteze wakati wako. Bei ya trekta kuukuu haiishi siku unapompa mwenyewe fedha. Bei huisha siku trekta inaposimama katika boma lako, nzima, na watu wote waliokwenda kuileta wamerudi kwa miguu yao wenyewe. Gharama ya kuibeba juu ya trela ni sehemu ya bei. Asiye na gharama hiyo mkononi bado hajapata fedha za kununua trekta.

Simcheki anunuaye trekta ya zamani

Usidhani kwamba nawadharau wanunuzi wa trekta kuukuu. Ferguson ile ndogo ya kijivu, TE20, ilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu mwaka wa 1946 hata 1956, na zaidi ya nusu milioni zilitoka kiwandani. Massey Ferguson 35 ilifuata baada yake. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka wa 1962, na mashamba makubwa ya nyanda za juu yakaanza kugawanywa kwa wazee wetu, trekta za namna hii zilikuwa tayari zikilima huku. Ni mashine rahisi. Fundi wa soko aweza kuifungua na kuifunga bila kompyuta. Vipuri vingi vyapatikana hata leo, kwa kuwa viwanda vya India na Pakistan viliendelea kutengeneza trekta za ukoo huo kwa miaka mingi. Kwa shamba la ekari chache, na majirani wenye kupatana, trekta kama hiyo yaweza kuwa msaada mkubwa.

Kwa hiyo si ununuzi ninaoupinga. Ninalopinga ni pupa ya siku ile ya kuileta.

Mstari nilioufuta

Mwaka wa 2019 majirani zangu kumi na wawili walichanga shilingi 35,000 kila mmoja, jumla shilingi 420,000. Kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisi ya kilimo, watu huniita Mwalimu, na kazi ya kuandika hesabu huniangukia mimi. Nikaandika ubaoni: trekta, 390,000, oili, chujio na betri, 20,000, dizeli ya kuanzia, 10,000. Kisha nikaongeza mstari wa nne: trela ya kuileta kutoka upande wa Nakuru, 30,000. Jumla ikapanda hadi 450,000. Maana yake kila mtu angeongeza shilingi 2,500.

Mzee mmoja wa kamati, mtu tunayemheshimu sana, akasimama akasema, "Mwalimu, futa huo mstari. Trekta ina magurudumu manne. Ng'ombe tukimnunua huja kwa miguu yake. Mbona chuma kibebwe kama bibi arusi?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikachukua kitambaa, nikaufuta.

Tukaenda na lori la kukodi na kamba nene. Injini ilikataa kuwaka siku hiyo, basi trekta ikafungwa nyuma ya lori. Kijana wa miaka 22, mtoto wa mmoja wetu, akapanda kushika usukani. Vijana wengine wawili wakakaa juu ya matopeo, mmoja huku na mmoja huku, wakiimba. Mimi nilikuwa ndani ya lori pamoja na dereva.

Kufika Bahati tulisimama kunywa chai. Manyunyu yakaanza, na wale waimbaji wawili wakahamia ndani ya lori kwa sababu ya baridi. Nawaomba mkumbuke jambo hilo. Si akili iliyowaokoa, ni manyunyu.

Mbele kidogo barabara huanza kuteremka kuelekea bonde la Subukia. Dereva akapunguza mwendo kama ilivyompasa. Lori likapunguza, lakini trekta haikupunguza. Kamba ikalegea, ikaingia chini ya gurudumu la mbele. Yule kijana akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Sasa, trekta ya namna ile ina pedali mbili za breki, moja ya gurudumu la kulia na moja la kushoto, ili mkulima aweze kugeuka upesi mwisho wa matuta. Kuna kitasa kidogo cha kuziunganisha unapokwenda barabarani. Hakuna aliyekifunga, wala hakuna aliyemwambia kijana habari zake. Akakanyaga moja tu, ile ya kushoto. Trekta ikageuka kama mbuzi aliyeshikwa sikio, ikaingia mtaroni, ikalala ubavu.

Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Siku ile ile, saa kumi jioni, tulikodi trela. Tulilipa zile shilingi 30,000 tulizozikataa, na matengenezo ya ekseli ya mbele, usukani na topeo yakatugharimu shilingi 140,000 zaidi. Ukigawanya kwa watu kumi na wawili ni zaidi ya 14,000 kila mmoja, bila kuhesabu hospitali. Trekta haikulima hata ekari moja katika mvua ile. Yule kijana anatembea, twamshukuru Mungu, lakini anachechemea, na mkebe wa maziwa hawezi tena kuubeba mwenyewe hadi barabarani. Baba yake hajanilaumu hata siku moja. Najua mwenyewe nani aliyeshika kitambaa.

Kwa nini kamba haifai

Kamba huvuta tu. Haiwezi kusukuma wala kuzuia. Mlimani na tambarare yaonekana inafanya kazi, nawe hudhani mambo ni sawa. Mteremkoni ndipo hujua kwamba nyuma yako kuna chuma cha tani moja na nusu kisichofungwa na kitu. Tena breki za trekta iliyokaa bandani miaka mingi huenda zimeshika kutu au zimelowa oili. Kuzitegemea kabla hazijafunguliwa na fundi ni kucheza kamari na mguu wa mtoto wa mwenzako.

Wengine husema, "Basi tutaiwasha tuiendeshe wenyewe." Kwa safari ya kilomita nne au tano, mchana, breki zikiwa zimepimwa na zimeunganishwa, sitagombana nawe. Lakini kwa safari ndefu fikiri vizuri. Massey Ferguson 35 hata ilipokuwa mpya haikupita kilomita 25 kwa saa. Safari ya kilomita 100 ni zaidi ya saa nne bila kupumzika, juu ya matairi yaliyokauka na kupasuka, na beringi ambazo hujui zilitiwa grisi mwaka gani. Nyuma yako kuna matatu na malori yenye haraka. Jua likizama ukiwa njiani bila taa, hakuna atakayekuona mpaka amekufikia.

Kabla ya kuita trela

Usilipie trela kubeba mzoga. Mwambie fundi azungushe injini kwa mkono aone kama haijashikana. Ikiwa ni Massey Ferguson 35 ya dizeli, hesabu nozeli. Zile za mwanzo zilikuwa na injini ya silinda nne ambayo ilijulikana kwa uzito wa kuwaka wakati wa baridi. Zile za baadaye, za mwaka wa 1960 na kuendelea, zilikuwa na Perkins ya silinda tatu, nayo ni bora zaidi kwa asubuhi za baridi kama za Nyandarua. Jambo hili ni heri ulijue kabla ya safari.

Tazama pia kitabu cha umiliki. Kama kingali na jina la marehemu, shughulika kwanza na warithi wake na na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, ile tuiitayo NTSA, iliyoundwa mwaka wa 2012. Ukisimamishwa na polisi na mali isiyo na karatasi juu ya trela, safari itaishia hapo. Mwenye trela naye muulize bima yake, na uione kwa macho.

Namna ya kuibeba

Kwanza, jua uzito. Ferguson TE20 ina zaidi ya tani moja. Massey Ferguson 35 ni karibu tani moja na nusu. Fordson Major iliyoanza kutengenezwa mwaka wa 1952 hupita tani mbili. Wakulima wengi walikuwa wakitia maji ndani ya matairi ya nyuma ili yasiteleze, na maji hayo yaweza kuongeza zaidi ya kilo mia moja kwa kila gurudumu. Yamwage kabla ya safari. Ongeza uzito wa trela yenyewe juu ya hesabu yako. Pikapu ya jirani si lori. Nyingi zimewekewa mpaka wa kilo 750 tu kwa trela isiyo na breki zake. Kwa hiyo hapana budi trela iwe na breki, na gari la kuvuta liwe na nguvu ya kutosha si ya kupanda tu bali ya kusimama.

Pili, ipakie kinyumenyume. Uzito mwingi wa trekta uko nyuma. Ukipanda mbao za kupandishia ukitanguliza pua, na mbao zimesimama wima, magurudumu ya mbele yaweza kuinuka na trekta ikamwangukia dereva kwa nyuma. Watu wamekufa hivyo. Ikitangulia nyuma, uzito huwa upande wa juu na haina njia ya kupinduka. Kama injini haiwaki, vuta polepole kwa winchi, nyuma ikitangulia vilevile. Mtu mmoja awe kando na kabari yenye mpini mrefu, tayari kuiweka chini ya gurudumu. Awe kando, asisimame upande wa chini wa trekta kamwe. Chagua mahali tambarare na pagumu, na trela iwe imefungwa kwenye gari lake wakati wote wa kupakia.

Tatu, iweke mahali pake juu ya trela. Magurudumu makubwa ya nyuma yawe mbele kidogo ya ekseli ya trela, ili kama sehemu moja katika kumi ya mzigo ikandamize mahali pa kuungia. Mzigo ukikaa nyuma mno, trela hutikisa mkia njiani, na mkia huo hulitupa gari lenyewe. Rudi nyuma hatua kumi utazame: kitako cha gari la kuvuta kishuke kidogo. Kikiwa kimeinuka, sogeza trekta mbele.

Nne, ifunge kwa minyororo minne. Miwili ivute mbele na miwili ivute nyuma, kila mmoja kwenye pembe yake, na yote ikazwe. Funga kwenye ekseli na kwenye chuma kinene cha kuvutia. Usifunge kwenye vyuma vya usukani wala kwenye mikono ya kuinulia jembe, maana vitapinda. Kamba ya katani au ya nailoni hunyooka, na ikinyooka hulegea. Unganisha pedali za breki, vuta breki ya mkono, tia gia ya chini, teremsha mikono ya jembe, kisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Funga bilula ya dizeli. Funga boneti kwa kamba isije ikafunguliwa na upepo, na ufunike ekzosi kwa mkebe ili mvua isiingie ndani ya injini.

Tano, njiani. Simama baada ya kilomita tano ushike kila mnyororo kwa mkono wako, kwa maana baada ya mtikisiko wa kwanza trekta hujikalisha na minyororo hulegea. Fanya hivyo kila msimamapo. Dereva atie gia ya chini kabla mteremko haujaanza, asingoje mpaka yuko katikati. Weka kitambaa chekundu nyuma, na uwe na alama nyekundu za pembetatu. Msisafiri usiku.

Sita, na hili nalisema kwa nguvu kuliko yote: mtu asipande juu ya trela wala juu ya trekta iliyo juu ya trela. Najua vijana hupenda kuketi pale, vijiji vikipitwa, watoto wakishangilia. Najua pia kwamba mzee wa kamati hupenda kuonekana. Furaha hiyo ingoje nyumbani. Trekta haikimbii. Mtaishangilia ikiwa imesimama.

Kuishusha ni kazi ile ile kwa kinyume chake. Sasa pua itatangulia chini, polepole, katika gia ya chini. Kama injini haiwaki, iteremshe kwa winchi ile ile iliyoipandisha. Wengi wamepita kilomita 80 salama, wakaumia penye mita tano za mwisho kwa sababu watu wote walikuwa na haraka ya kula.

Kwa kamati na vyama vyetu

Najua jibu litakalotolewa: trela ni ghali. Ndugu yangu, nimekupa hesabu yetu. Tulikataa kutoa 2,500 kila mmoja, tukatoa 14,000. Tena fedha ndizo zilizokuwa nafuu katika hasara ile.

Basi natoa rai mbili. Ya kwanza, kila kikundi kinachochanga fedha za trekta kiandike gharama ya trela katika mstari wa kwanza, kabla ya bei yenyewe. Fedha hizo zikiwa hazijatimia, wazee wasitumwe kununua. Yafaa jambo hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano na kutiwa sahihi, ili siku ya pupa pasiwe na mtu wa kulifuta kwa kicheko.

Ya pili ni kwa vyama vya ushirika. Katika skimu nyingi kila kikundi hutafuta trela yake kwa mtu asiyejulikana, siku ya mwisho, kwa bei ya dharura. Mbona chama kisinunue trela moja nzuri yenye breki, minyororo minne na mbao imara za kupandishia? Ingeleta trekta, ingebeba majembe yaendayo kwa fundi, ingesafirisha mbolea na magunia ya viazi. Ingekodishwa kwa wanachama kwa bei ya haki, na ingejilipa kidogo kidogo. Tuna vyama vilivyojua kununua matangi ya kupoza maziwa. Vyama hivyo haviwezi kushindwa na trela.

Na wewe kijana utakayeambiwa upande kushika usukani wa trekta iliyofungwa kwa kamba, nakupa ruhusa ya kukataa. Kumheshimu mzee si kumpa mguu wako. Sema kwa adabu, "Baba, naomba tungoje trela." Kama kuna mwalimu au karani karibu, aliye na chaki mkononi, ni wajibu wake kusimama upande wako. Mimi sikusimama.

Siku hizi, watu wanaponiita kuandika hesabu ya trekta, huanza na trela. Mtu akiniambia niufute mstari huo, humpa chaki na kitambaa aufute mwenyewe, kisha namwomba aandike mahali pake jina la mtoto wake atakayeshika usukani. Mpaka leo hakuna aliyeandika.